Mmoja Aende Mwisenge

Kwetu Ikizu hadithi hii husimuliwa kwa majivuno kidogo. Chifu wetu, Mohamed Makongoro, alikwenda Butiama kumtembelea mwenzake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Wakiwa katika mazungumzo, likawekwa soro, mchezo ambao kwa Kiswahili tunauita bao, na mtoto mmoja wa pale nyumbani akakaa upande wa pili. Mtoto akamfunga chifu. Kuna wanaosema alimfunga mara moja, kuna wanaosema mara kadhaa, na marehemu babu yangu, ambaye hakuwepo lakini alisimulia kana kwamba kete alizishika yeye, alisema mara tatu mfululizo. Makongoro akamgeukia Burito akamwambia: huyu mpeleke shule.

Babu alimalizia kwa maneno yaleyale kila mara: bila Ikizu, nchi hii isingekuwa na rais. Leo Ikizu iko wilaya ya Bunda, Butiama ni wilaya inayojitegemea, na ukitaka kuzozana na Mzanaki kuhusu nani alimgundua Mwalimu, nenda ukiwa na muda wa kutosha.

Nimeisikia hadithi hiyo tangu sijui kusoma, na kwa miaka mingi niliisikiliza kama ilivyokusudiwa, yaani nikimtazama mtoto aliyekaa mbele ya soro. Nilipofika chuo na kuchagua kusoma historia ndipo nilianza kuwatazama waliosimama nyuma yake.

Kambarage, kama alivyoitwa wakati huo, alizaliwa Aprili 1922. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano wa chifu. Wasifu wa Mwalimu hutaja kwamba Burito alikuwa na wake 22. Hesabu watoto wa boma la namna hiyo, hata ukiondoa wale ambao maradhi ya wakati ule yaliwachukua wakiwa wachanga. Bado unabaki na watoto wa kujaza darasa zima na wengine wakakaa chini. Kati yao ni wangapi walikuwa wepesi wa kufikiri? Ni wangapi walikuwa machungani siku ile chifu wa Ikizu alipofika? Wasichana, hata wangemfunga Makongoro mara kumi, nani angesema wapelekwe shule?

Sisemi hivi kwa kumpunguzia Mwalimu akili. Alikuwa nazo, na nyingi. Ninachosema ni kwamba mlango aliopitia ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ulihitaji mgeni, mchezo na bahati ya kuwepo nyumbani.

Tena mlango wenyewe haukujengwa kwa ajili ya kutafuta vipaji. Serikali ya Waingereza ilitawala kupitia machifu, na chifu asiyejua kusoma ni mzigo kwa bwana shauri: hawezi kuandika kesi za baraza, hawezi kuweka hesabu za kodi. Kwa hiyo watoto wa machifu walitakiwa shuleni, na shule kama ile ya Mwisenge, pale Musoma mjini kando ya ziwa, iliendeshwa chini ya utawala wa wenyeji kwa kusudi hilo. Iliishia darasa la nne. Kijana akishajua kusoma, kuandika na kuhesabu, alitosha kuwa karani wa baba yake.

Wazee wengi hawakuwa na haraka ya kutoa watoto. Mtoto wa kiume wa miaka 12 alikuwa mchungaji, mlinzi wa shamba, mtu wa kutumwa. Kumtoa kulimaanisha kazi yake ifanywe na mwingine, na huyo mwingine hatajwi kokote. Najiuliza sana kuhusu yeye. Mbuzi wa Mgaya walichungwa na nani mwaka 1934?

Butiama hadi Musoma ni maili 26, karibu kilomita 42. Leo ni mwendo wa chini ya saa moja, unapita Makutano na kushuka kuelekea ziwani. Wakati ule ilikuwa siku nzima ya miguu. Mtoto aliyefika Mwisenge alikuwa amechongwa meno kwa desturi ya Kizanaki na hakujua Kiswahili. Fikiria hilo. Mtu ambaye baadaye angeitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili alijifunza lugha hiyo akiwa na miaka 12, bwenini, kati ya watoto waliotoka makabila ambayo nyumbani kwao labda yalitajwa tu kwa habari za wizi wa ng'ombe. Miongoni mwa waliomfundisha pale ni Mwalimu James Irenge, ambaye aliishi miaka mingi sana, hata akawa mzee wa kuhojiwa na waandishi kuhusu mwanafunzi wake.

Mwisenge walimrusha darasa. Nalipenda neno hili, kurushwa, kwa sababu lina ukweli fulani: mtu anayerushwa hatembei mwenyewe, kuna mkono uliomshika na kumtupa mbele, na hajui atatua wapi. Kambarage alimaliza masomo ya miaka minne kwa miaka mitatu, akafanya mtihani wa kwenda mbele, akafaulu vizuri mno, na mwaka 1937 akaenda Tabora.

Tabora ilikuwa dunia nyingine. Shule ya serikali iliyojengwa kwa mfano wa zile shule za bweni ambako Waingereza wakubwa walipeleka watoto wao, yenye viranja, mabweni yanayoshindana, na heshima ya kupita kiasi kwa watoto wa machifu. Kutoka Musoma njia ya kawaida ilikuwa meli hadi Mwanza, kisha treni, kwa kuwa reli ya Tabora hadi Mwanza ilikuwa imekamilika mwaka 1928. Mwaka 1942 Burito alifariki, na uchifu ukaenda kwa mwanawe mwingine, Wanzagi. Mwaka uliofuata Kambarage alikuwa Makerere, na kabla mwaka huo wa 1943 haujaisha alibatizwa katika misheni ya Nyegina, jirani na Musoma, akaitwa Julius.

Nyegina hiyohiyo, kwa masista, ndiko aliposoma msichana mmoja kutoka Baraki, upande wa Tarime wa wakati ule, kabla ya kupelekwa Ukerewe na baadaye chuo cha ualimu cha Sumve. Alirudi kufundisha Nyegina. Tunamfahamu kama Mama Maria Nyerere. Kwa mkoa wetu, msichana wa miaka ya 1930 na 1940 aliyetaka kusoma alihitaji masista wenye bweni na baba mwenye moyo. Hakukuwa na soro la wasichana.

Hapa inabidi niwataje wa kwetu, maana bila wao nisingeisoma historia hii kwa jicho ninalolitumia.

Mwaka 2011 tulikuwa tunaishi Bunda mjini. Baba alikuwa karani wa mizani msimu wa pamba, na msimu ukiisha alikuwa chochote kilichopatikana. Mama aliuza dagaa sokoni. Mimi nilikuwa darasa la sita katika shule ya serikali, na mdogo wangu wa kike, mwenye miaka minane, alikuwa darasa la pili katika shule hiyohiyo, anakaa na wenzake wanne kwenye dawati moja na kumaliza mazoezi kabla mwalimu hajamaliza kuyaandika ubaoni. Alikuwa anasoma vitabu vyangu. Vya hisabati ndivyo vilivyoniudhi zaidi.

Mwalimu wake mmoja alikuwa na nduguye aliyefundisha Musoma katika shule ya binafsi, ile inayofundisha kwa Kiingereza, ambayo ilikuwa imeanza darasa maalumu la watoto wenye uwezo mkubwa na kutafuta wachache wa kuwasamehe ada. Mdogo wangu akaenda kufanya usaili. Alirudi akiwa amenunuliwa soda mbili, na baada ya wiki tatu ikaja barua: amepata nafasi, atarushwa hadi darasa la tatu, ada amesamehewa. Sare, chakula na usafiri ni juu ya mzazi. Bweni halipo.

Barua ilisomwa jioni mbele ya baba, mama, bibi mzaa baba aliyetoka Nyamuswa, baba mdogo, na shangazi ambaye habari zake zitakuja. Sisi watoto tuliambiwa tukacheze nje, kwa hiyo tulikaa chini ya dirisha. Hesabu zilipigwa. Kutoka Bunda hadi Musoma na kurudi kila siku, kwa mtoto wa miaka minane, haiwezekani. Kumweka kwa ndugu, ndugu yupi? Mwisho likapatikana lililopatikana: mama atahamia Musoma na mtoto, atapanga chumba Nyasho na kutafuta meza sokoni; baba atabaki Bunda na pamba yake; nyumba tuliyopanga itaachwa, baba atahamia chumba kimoja; mimi nitakwenda Nyamuswa kwa bibi nimalizie la saba huko.

Bibi alikuwa kimya muda wote. Kisha nikamsikia akisema, kwa Kiswahili, lugha aliyoitumia akitaka watoto wake wasijifanye hawakuelewa: "Huyu mmeshamjengea njia. Na huyu mwingine?"

Baba mdogo akasema huyu mwingine ni mkubwa, ataelewa. Nilikuwa na miaka 12.

Sikuwa na huzuni kubwa, kusema kweli. Nyamuswa kulikuwa na maembe, na bibi hakuwa mkali. Lakini nilianza kujifunza jambo ambalo vitabu vinavyosifu watoto wenye vipaji huliruka. Akiteuliwa mtoto, inayohama ni familia nzima, hata wale ambao hawakuondoka. Mama alipoteza wateja wa miaka tisa. Baba alijifunza kupika ugali, akaupika vibaya hadi leo. Mdogo wangu alifika darasani akakuta wenzake wana mabegi yenye magurudumu na wanaongea Kiingereza hata wakigombana. Muhula wa kwanza, mama alituambia, alikuwa hasemi kitu kuanzia asubuhi hadi anaporudi chumbani Nyasho, akishafika anaongea hadi usingizi umchukue. Mtu aliyefika Mwisenge na Kizanaki kitupu angemwelewa.

Mama alipokuja Nyamuswa mwisho wa mwezi alileta dagaa na habari. Mdogo wangu wa tatu darasani. Mdogo wangu wa kwanza. Mdogo wangu amesoma shairi mbele ya wageni. Nami nilichota maji, nikasoma, nikafaulu la saba kwa kiwango cha kupelekwa shule ya sekondari ya kata, na bibi akachinja kuku. Kuku yule alikuwa mtamu kuliko shairi lolote.

Sasa shangazi.

Shangazi ndiye mtoto wa kwanza wa bibi, amezaliwa mwaka 1960, na alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Katika hilo hakuwa peke yake. Miaka minane kabla, Machi 1967, Nyerere aliandika waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake akaweka hesabu ambayo ingepaswa kuwafanya wazazi wote wakose usingizi: kwamba katika kila watoto 100 wanaomaliza shule ya msingi, takribani 13 tu ndio watakaopata nafasi ya sekondari. Wale 87, alisema, wanatoka wakijiona wameshindwa. Shule nzima imepangwa kuwaandaa wale 13, na hao wengine ni mabaki ya upepetaji. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, yenye shamba na kazi na maarifa ya kuishi kijijini.

Napenda kuusoma waraka ule nikikumbuka kwamba aliyeuandika alikuwa mtu wa wale wachache kuliko hata 13. Alijua upande mmoja tu wa ungo. Na bado aliona makapi yanakoangukia. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 alikuwa akitoa mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo asiporudi, alisema, ni msaliti. Mfano mzuri, na huwa nautafakari kwa namna ambayo huenda hakuikusudia. Mfano unamzungumzia anayekwenda. Hausemi kitu juu ya wanaolala njaa wakimsubiri, wala juu ya namna alivyochaguliwa yeye na si jirani yake. Je, walicheza soro?

Halafu Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ikakutana Musoma. Ndiyo, Musoma, mji uleule alikofika kwa miguu miaka 40 kabla. Kilichotoka pale kinaitwa Azimio la Musoma, na wengi wa rika langu wakilisikia jina hilo wanadhani ni Azimio la Arusha limekosewa. Lilikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza, wahitimu wa kidato cha sita wasiende chuo kikuu moja kwa moja, kwanza wafanye kazi na kupata mapendekezo ya huko walikofanya kazi. Hilo liliwaudhi vijana wa wakati ule na halikudumu kwa ukamilifu wake. La pili ndilo lililobadilisha ukoo wetu: kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo Novemba 1977. Miaka mitatu. Mpango wa awali ulikuwa kufikia hapo mwishoni mwa miaka ya 1980.

Miaka mitatu ya kujenga madarasa na kupata walimu kwa nchi nzima ni kichaa, na naandika hivyo kwa heshima. Mwaka 1961 shule zote za msingi nchini zilikuwa na wanafunzi wasiofika nusu milioni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa zaidi ya milioni tatu. Madarasa yalijengwa na wanavijiji kwa tofali za kuchoma na za udongo, na yasipotosha watoto walikaa chini ya mti. Walimu walitoka wapi? Walitoka kwa watu kama shangazi. Waliomaliza la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha na kujifunza kwa wakati mmoja: asubuhi darasani, mchana kwa mratibu, jioni na redio na masomo ya posta. Makumi ya maelfu ya walimu walipatikana hivyo. Watu wakawaita walimu wa UPE, na walimu wenye vyeti kamili wakageuza herufi hizo kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Shangazi alikuwa na miaka 16 aliposimama mbele ya darasa lake la kwanza, akiwa na wanafunzi wengine waliomzidi kimo.

Mwaka 1977 alimwandikisha mdogo wake, baba yangu, aliyekuwa na miaka kumi na alikuwa hajakanyaga shule kwa sababu alikuwa mtu wa ng'ombe. Hakuna aliyempima akili. Hakuna aliyekuja na soro. Katibu wa tawi alipita nyumba kwa nyumba na daftari akamwambia babu kuwa mtoto asiyeandikishwa ni kosa, na babu, aliyependa sana kujisifia kuwa chifu wetu alimpeleka Nyerere shule, akanung'unika kwamba sasa Nyerere anamchukulia mchungaji wake.

Baba alifundishwa kusoma na dada yake aliyeishia la saba. Maandishi yake ni ya kiserikali, herufi zimelala upande mmoja kama mtama kwenye upepo, na kwa maandishi hayo alipata ukarani wa mizani. Wanaosema UPE iliharibu elimu ya Tanzania wana hoja, nimezisoma, na sehemu kubwa sizipingi: vitabu vilikosekana, madarasa yalifurika, viwango vilishuka, na miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka hata chaki ilikuwa tunu, michango ikarudi na watoto wengi wakaachwa nje hadi ada ilipofutwa tena katika shule za msingi, kuelekea mwaka 2002. Lakini wengi wao wakisema "elimu iliharibika" wanapima kwa wale ambao wangepata nafasi kwa vyovyote vile. Kwa baba hakukuwa na elimu ya kuharibu.

Jambo ambalo hata Mwalimu hakulifuta ni ungo wenyewe. Ulisogezwa tu. Ukitoka darasa la nne ukaenda la saba, ukitoka la saba ukaenda kidato cha nne. Tuna shule saba za serikali ambazo kwa miaka mingi zimejulikana kama shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, na Tabora mbili, ya wavulana na ya wasichana. Kwa hiyo Tabora ya watoto wa machifu bado ni mahali pa wateule, ila sasa kinachokupeleka ni alama. Mkoa wa Mara hauna hata moja. Mtoto wa kwetu akiteuliwa lazima aondoke, kama mwaka 1937, na ndugu zake wachangie nauli.

Mdogo wangu aliteuliwa. Alikwenda mojawapo ya zile saba, na mama akarudi Bunda baada ya miaka mitano ya Nyasho, akaanza upya na meza nyingine, pembeni zaidi ya ile aliyoiacha. Nyumba haikurudi kuwa moja kwa sababu kufikia wakati huo mimi nilikuwa nimezoea Nyamuswa na baba amezoea chumba chake. Leo mdogo wangu ni mfamasia mkoa mwingine. Anatuma pesa kila mwezi, analipia dawa za presha za bibi, na ndiye aliyenilipia mwaka wa mwisho wa chuo mkopo ulipopungua. Kwa kipimo cha kijiji chenye njaa, amerudi. Nilimuuliza mwaka jana kama anaikumbuka ile jioni ya barua. Anakumbuka dirisha, na kwamba mimi nilikuwa nimemziba masikio bibi alipouliza swali lake. Mimi sikumbuki kumziba.

Nilipokuwa nikikusanya habari za makala hii nilikwenda Mwisenge, mwezi Januari. Nilitaka kuona darasa alilosomea Mwalimu, ambalo wageni huonyeshwa, na nililiona. Ni dogo. Lakini nilikaa zaidi nje, kwenye benchi la ofisi, kwa sababu ilikuwa wiki ya kuandikisha darasa la kwanza. Mwisenge sasa ni shule ya msingi ya serikali kama nyingine, na inapokea pia watoto wasioona. Wawili walipita mbele yangu wameshikana mikono wakibishana juu ya mpira. Mama mmoja aliyekuwa mbele kwenye foleni alikuwa na mtoto wa kike aliyevaa viatu vya kaka yake. Alianza kumweleza mwalimu kwamba binti huyu ana akili sana, anahesabu hadi mia, anajua kuandika jina lake na la bibi yake. Mwalimu alikuwa ameinamia daftari na hakuinua kichwa.

"Ana miaka mingapi, mama?"

"Sita."

"Mnakaa hapahapa?"

"Hapa nyuma tu, karibu na ziwa."

Mwalimu akaandika, akamwita anayefuata.